Orodha ya Kuni za Makobola

Mvule uliosimama kando ya barabara pale Makobola ulianguka katika masika ya 1980. Ulianguka usiku, wakati wa dhoruba, ukalala kukatisha barabara nzima, mizizi upande wa mlima na matawi upande wa ziwa. Kulipokucha, lori zilizotoka Uvira kwenda Baraka zilikuwa zimesimama upande mmoja, na zile zilizotoka Baraka na magunia ya ndagala, yaani dagaa, zimesimama upande wa pili. Nilikuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi. Leo mimi ni mzee, na wengi wa watu wazima walioshika shoka na msumeno siku zile hawapo tena. Ninaandika habari ya kuukata mti ule kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyonifanya, nikiwa mtoto, niandike majina ya watu wa kila nyumba ya upande wetu wa kijiji, na orodha ile ya kuni imekuja kuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyeiwazia.

Asiyefika Makobola aelewe kwanza mahali penyewe. Kutoka Uvira, mashariki ya Kongo, barabara inapita bandari ya Kalundu, inabanwa kati ya mlima na maji ya Tanganyika, kisha inaingia eneo la Fizi, na Makobola ni kati ya vijiji vya mwanzo unavyovikuta kabla ya Swima na Mboko. Magharibi mlima unaanza pale pale nyuma ya nyumba. Mashariki, ng'ambo ya maji, ni milima ya Burundi. Nafasi ya kujenga ni ukanda mwembamba, kwa hiyo nyumba zimefuatana na barabara, na mtu akikuuliza fulani anakaa wapi unamjibu kwa kuhesabu nyumba kuanzia mtoni au kuanzia kanisani. Watu walikuwa wamechanganyika: Wabembe wengi, Wafuliru, Wavira, na waliooa au kuolewa kutoka Burundi. Waliishi kwa muhogo, mawese na samaki.

Mvule ule hakuna aliyeupanda. Wazee walisema mvule hupandwa na popo, na hivyo ndivyo ilivyo: popo hula tunda lake laini usiku, huruka na mbegu tumboni, na huiangusha mbali na mti mama. Wavuvi walitengenezea nyavu zao chini yake. Akina mama waliuzia hapo ndizi na muhogo. Abiria wa lori walishuka hapo wakanywa maji. Watu watatu wakishikana mikono hawakuuzunguka.

Fundi wa mitumbwi, aliyejua miti kuliko yeyote pale kijijini, alishuka ndani ya shimo la mizizi asubuhi ile, akavunja kipande cha mzizi kwa mkono mtupu, akatuonyesha kilivyooza. Alisema ni kazi ya maji ya 1964. Mvua za mwisho wa 1961 zilikuwa kubwa mno Afrika Mashariki yote. Ziwa likaanza kupanda, likaendelea kupanda hadi 1964, mwaka ule ule wa uasi wa Simba, tulioita vita vya Mulele, likala pwani na kuingia mashambani. Mvule hauvumilii mizizi yake kusimama majini. Wa kwetu ulikaa na maji chini yake muda mrefu, mizizi ya upande wa ziwa ikafa, na tangu hapo ulikuwa umeshikwa na mizizi ya upande wa mlima peke yake. Sisi watoto tulikuwa tumecheza miaka yote chini ya mti ambao nusu yake ya chini haikuwapo.

Mwaka ule hapakuwa na fedha mikononi mwa watu. Krismasi ya 1979 serikali ya Mobutu ilikuwa imetangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimeondolewa, na siku za kuzibadilisha zilikuwa chache mno kwa mtu wa kijijini. Aliyeweka akiba ya fedha za mawese ndani ya mto wa kulalia alibaki na karatasi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Sikumsikia akilalamika, ila alizikunja zile noti akazirudisha mahali pake, kana kwamba zingeweza kupona. Kwa hiyo mti mkubwa ulioanguka wenyewe ulikuwa mali, mali ya kushikika, na kila mtu alilijua hilo kabla jua halijapanda.

Madereva walitaka njia. Walipiga honi, wakapanda juu ya gogo, wakaahidi kulipa. Vijana walikimbilia shoka, na wawili tayari walikuwa wamesimama karibu na mizizi, mahali ambapo shina lilikuwa limetulia vizuri kwa kukatwa. Fundi aliwafukuza kwa ukali. Watoto tulikuwa shimoni, tunachimbua minyoo ya chambo katika udongo mbichi. Alitutoa mmoja mmoja kwa kutuvuta mikono, kisha akaeleza jambo ambalo baadaye nimelieleza kwa vijana wengi. Mti ulioanguka pamoja na mizizi yake bado una nguvu ndani yake. Bonge la mizizi na udongo limesimama wima kwa sababu linavutwa na uzito wa shina. Ukilikata shina, uzito ule unaondoka, na kisiki kinarudi shimoni kwa ghafla moja. Aliyekuwa humo hatoki. Mwezi uliofuata, shina lilipokatwa, tuliona kwa macho yetu: kisiki kilinyanyuka chenyewe, kikasimama mahali pake pa zamani kwa kishindo kilichotikisa ardhi, na shimo letu la minyoo likafungwa.

Siku ile ya kwanza walifungua njia ya muda upande wa ziwa. Walikata matawi madogo, wakayatandika juu ya mchanga ili magurudumu yasizame, na lori zikapita moja moja huku watu wakisukuma. Kila mtu alisukuma: wavuvi, abiria, mwalimu, na wafugaji wa Kinyamulenge waliokuwa wameshuka kutoka mlimani na siagi ya kuuza wakakuta barabara imefungwa. Walikula nasi bugali na sombe mchana, wakaendelea na safari yao. Nalitaja kwa sababu waliokuja kuzaliwa baada ya vita vya 1996 kututenganisha nao hawaamini ninapowaambia.

Jioni kapita, msimamizi wa kijiji, aliita watu lubunga. Lubunga ni baraza la wanaume wa Kibembe, mahali pa moto ambapo maneno yote ya kijiji hukatwa, lakini siku ile hata wasio Wabembe walikuja, na wanawake waliketi nje ya mlango wakisikiliza. Kila mmoja alikuwa na dai lake, na madai yote yalikuwa ya kweli. Fundi alitaka shina lote kwa mtumbwi mkubwa wa mbao, kwa kuwa mvule hauliwi na mchwa na unastahimili maji. Mwalimu alitaka madawati. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanakaa juu ya matofali. Mwenye shamba la muhogo lililopondwa alitaka fidia. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amekwama kwenye lori alitaka kulinunua gogo zima alipeleke mjini. Askari mmoja alikuja akasema miti ya kando ya barabara ni ya Serikali, na kwamba jiko lao linahitaji kuni. Kapita alimjibu kwa heshima kwamba jiko lao litapata kuni kama majiko mengine.

Aliyeyageuza mazungumzo alikuwa shangazi yangu. Alikuwa mjane, anaishi kwa kukamua mawese. Aliomba ruhusa, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Wababa," alisema, "mti huu haukuangukia nyumba ya mtu. Umeangukia njia, na njia ni yetu sote. Mkigawa kwa wenye mashoka, mimi nisiye na mume wala shoka nitachemshia ngazi zangu nini?"

Mzee mmoja akamwambia kwamba kila mwenye mji, yaani kila baba wa nyumba, atapewa, naye atapata kupitia kwa shemeji zake.

"Hapana, baba. Mwenye mji mmoja ana wake watatu na majiko matatu. Nyumba nyingine ina bibi na wajukuu, haina mwanamume. Muhesabu majiko. Anayewasha moto ndiye aandikwe."

Pale ndani palikuwa kimya. Aliyetumia pipa kuchemshia ngazi, yaani matunda ya mchikichi, anajua alichokuwa anakisema. Ngazi zinakaa motoni usiku kucha, kisha zinatwangwa, kisha mafuta yanachemshwa tena kuondoa maji. Moto ukizimika katikati, kazi ya siku nzima imeharibika. Mama anayekausha samaki wa mikebuka kwa moshi naye vivyo hivyo. Kuni za kupikia bugali ni kidogo. Kuni za kutafutia riziki ndizo nyingi, na zilizokuwa karibu na kijiji zilikuwa zimekwisha. Watu walikuwa wanapanda mlima tangu alfajiri.

Kapita alikata maneno usiku ule. Sehemu iliyonyooka ya shina ingepasuliwa mbao, zigawanywe kati ya shule, fundi wa mitumbwi na wapasua mbao wenyewe, ambao wangelipwa kwa mbao kwa kuwa fedha haikuwapo. Mtumbwi wa fundi ungebeba wagonjwa wa kijiji kwenda Uvira bila malipo. Mwenye shamba angepewa mbao za mlango. Kila kilichobaki, yaani matawi, mabanzi, vipande vilivyopinda, ni kuni, na kuni zigawanywe jiko kwa jiko. Kuhusu vifundo, nitaeleza mbele.

Kapita hakujua kuandika. Aliniita mimi kwa sababu baba alikuwa amenisifu mbele za watu kwa hati yangu nzuri, akanipa daftari la shule. Tulianza mtoni tukaenda hadi kanisani, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na kalamu. Kwenye kila nyumba aliuliza nani anawasha moto hapa, na mimi niliandika jina la huyo, kisha majina ya wanaokula kwenye chungu chake, maana nyumba ya watu wengi ilipata zaidi. Niliandika majina ya wanawake ambayo nilikuwa sijawahi kuyasikia. Tulizoea kuwaita mama fulani, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Wengine walicheka walipotaja majina yao wenyewe. Bibi mmoja alitaja jina lake, kisha akaniomba nimsomee nilichoandika, nikamsomea, akaniomba nimsomee tena. Niliandika pia watoto wachanga. Kapita alisema mtoto mchanga ndiye anayehitaji maji ya moto kuliko sote.

Wapasua mbao walifika kutoka upande wa Itombwe, wanaume wawili wasiosema sana, na msumeno mrefu wa mikono miwili waliousafirisha umefungwa kwa gunia. Kabla ya kuugusa mti waliuzunguka wakiukagua kama mganga anavyomkagua mgonjwa. Walitaka kujua gogo limelalia wapi, na wapi linaning'inia. Gogo lililoshikwa ncha mbili likikatwa kwa juu, kata inajifunga na kuubana msumeno. Lililoning'inia upande mmoja likikatwa kwa juu, linaweza kupasuka kwa urefu na kumrukia mtu. Kwa hiyo wanakata kidogo upande unaobanwa, kisha wanamalizia upande unaovutwa, na kila kata inapofika kina wanapigilia kabari kuishikilia wazi. Tawi lililopindwa chini ya mti huachwa mpaka mwisho, nalo hukatwa na mtu aliyesimama upande wa ndani wa mpindo. Hayo yote walituonyesha kwa vidole kuliko kwa maneno.

Kisha walichimba shimo la kupasulia, gogo likaviringishwa juu yake kwa kamba na miti, vijiji viwili vikivuta pamoja. Mistari waliipiga kwa uzi uliolowekwa katika weusi wa betri za tochi zilizokwisha, zilizopondwa na kuchanganywa na maji: uzi unavutwa kutoka ncha hadi ncha, unainuliwa kwa vidole viwili, unaachiwa, na mstari mweusi ulionyooka unabaki juu ya mti. Mmoja alisimama juu akiongoza, mwingine shimoni akivuta chini, vumbi lote la mvule likimwangukia. Vumbi lile ni kali. Linawasha ngozi, linavimbisha macho, linatoa chafya. Alifunga kitambaa usoni na kujipaka mawese mwili mzima, na jioni aliingia ziwani na nguo zake.

Siku moja msumeno ulilia. Ulikuwa katikati ya gogo, na sauti yake ikabadilika kuwa ya chuma juu ya jiwe. Watu wakarudi nyuma; mvule una heshima yake, na wapo waliokuwa wamesema tangu mwanzo kwamba mti ule usikatwe bila sadaka. Mpasua mbao wa juu alishuka, akachonga kwa tezo pale ulipokwama, akatoa jiwe jeupe la ukubwa wa yai la bata. Alisema mivule mingi inayo. Mti ukipata jeraha hujijengea jiwe ndani yake, la chokaa, na kwa nje hulioni. Meno ya msumeno yalikuwa yameisha upande mmoja, na siku iliyofuata yote ilikuwa ya tupa. Lile jiwe lilipitishwa mkono kwa mkono, na kapita akaliweka lubunga juu ya boriti.

Kuni zilipasuliwa na vijana wa kijiji wenyewe, jamii kwa jamii. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kipande kikubwa hakipasuliwi kuanzia moyoni. Anayeanza moyoni anachoka na shoka linanasa. Unaanza pembeni, unabandua ubao mmoja, unazunguka, unabandua mwingine, mpaka moyo unabaki mdogo, na huo sasa unapasuka wenyewe kwa kufuata nyufa zake. Mwenye nguvu asiyejua hilo alishindwa na kijana mwembamba aliyelijua.

Kipimo kilikuwa kamba moja. Kapita aliikata mwenyewe, akaifunga fundo kila ncha, na kila mzigo ulifungwa kwa kamba ile ile, fundo likutane na fundo. Hakuna aliyeweza kusema wa jirani ni mkubwa. Mimi nilisoma jina, mwenye jina akaja, mzigo ukafungwa mbele yake, kamba ikafunguliwa kwa ajili ya mwingine. Akina mama walibeba migongoni, ugwe ukipita kwenye paji la uso, wengine kichwani. Askari naye alikuja, akapata mzigo wa jiko moja, akaondoka nao. Mpaka leo najiuliza ilikuwaje alikubali. Nadhani ni kwa sababu jina lake lilisomwa mahali pake, kati ya majina ya majirani, na watu wote walikuwa wanatazama.

Sasa vifundo. Pale tawi kubwa linapotoka kwenye shina, nyuzi za mti zinasokotana, na pale hakuna shoka linalopasua. Vipande hivyo ni vizito, vinawaka polepole, kimoja kinaweza kushika moto usiku mzima. Kapita aliamuru visigawanywe. Vilipangwa nyuma ya lubunga, vikafunikwa makuti, viwe kuni za matanga. Mtu yeyote akifiwa, wa kabila lolote na kanisa lolote, vijana wanabeba kifundo na kukipeleka kwenye uwanja wake, ili wanaolala nje na wafiwa wasikose moto. Kifundo cha kwanza kilichukuliwa miezi michache baadaye, kwenye msiba wa bibi yule aliyeniomba nimsomee jina lake.

Mbao zilikwisha kupasuliwa kiangazi. Madawati yalitengenezwa, niliondoka shule ile kabla sijayakalia, ila mdogo wangu aliyakalia. Mtumbwi uliingia majini. Daftari langu nilimpa kapita, naye akanirudishia akisema atakayelihitaji atanifuata. Nililiweka katika sanduku la baba.

Oktoba 1996 vita vilifika Uvira, na sisi tulivuka ziwa kwenda Kigoma. Sanduku lilibaki. Tuliandikwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na huko ndiko nilikokuja kuelewa thamani ya kamba ya kapita. Sheria ilimkataza mkimbizi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, na ndani ya kilomita hizo maelfu ya majiko yalitafuta kuni. Wanawake walitoka alfajiri kwa makundi wakiwa na hofu, wengine walipigwa, wengine walifanyiwa mabaya kuliko kupigwa. Niliona watu wawili wa kijiji kimoja wakitoana damu kwa ajili ya tawi kavu lisilofika unene wa mkono. Sikuwalaumu. Hakuna aliyekuwa ameketi nao usiku mmoja kuamua.

Mwanzoni mwa 1999 walifika wakimbizi wapya, na wakatuambia kilichotokea kwetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, iliyochunguza maovu yaliyotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003, inasema kwamba kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi tarehe 2 Januari 1999 askari waliua zaidi ya watu 800 katika Makobola II na vijiji vya jirani, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Mimi sikuwapo, na sitasimulia nisichokiona. Nitasema tu nilichoambiwa na waliokimbia: kwamba hapakuwa na matanga. Waliobaki hai walikuwa porini au majini, na waliokufa walizikwa pamoja, haraka, na wachache waliothubutu kurudi. Hakuna aliyewasha moto wala aliyelala nje.

Katika kambi ndugu walianza kuulizana nani amebaki. Mtu alitaja wawili, akasahau mmoja. Mwingine alikumbuka baba wa nyumba na asikumbuke watoto. Usiku mmoja mama mmoja aliniuliza kuhusu jirani zake, na mimi, bila kufikiri, nilifumba macho nikaanza mtoni. Nyumba ya kwanza, nani anawasha moto. Nyumba ya pili. Nilikuwa nimezipita tena na tena na kapita, nikayasoma majina kwa sauti kwenye ugawaji, na yalikuwa yamekaa kwa mpangilio wa barabara. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita. Wengine walikuwa wamekufa kwa amani, wengine wamehama, watoto wachanga wa daftari walikuwa na watoto wao. Lakini kila jina lilikuwa mlango. Nikitaja aliyewasha moto, mtu mmoja kati ya walioketi alisema: huyo alikuwa na binti, binti aliolewa nyumba ya nne, alikuwa na watoto, mdogo alikuwa hajatembea. Ndivyo tulivyoijaza orodha mpya, jiko kwa jiko, katika daftari nililopewa na mwalimu wa kambi.

Shangazi yangu yumo katika orodha hiyo. Yumo upande wa waliokufa, pamoja na wajukuu wawili aliokuwa akiwalea.

Nimewahi kuona orodha nyingine za wafu wa Makobola, na nawashukuru walioziandika katika hali ngumu. Nyingi zimeandika wenye miji, na nyuma yao neno "na familia". Neno hilo halinitoshi. Shangazi alikwisha kulijibu mlangoni mwa lubunga mwaka 1980: katika "na familia" ndimo wanamopotea wajane, mabibi wenye wajukuu, wake wadogo, na watoto ambao jina lao lilikuwa halijatoka nje ya ua. Kila tarehe 30 Desemba watu wa Makobola huwakumbuka wafu wao, maneno husemwa, na idadi hutajwa. Idadi inahitajika mahakamani, na mahakama hiyo bado tunaingoja. Ila mtu hakuwa na jirani aliyeitwa mia nane.

Ninyi wa Makobola mlioko Baraka na Uvira, mlioko Bujumbura na Kigoma, mliopelekwa Marekani, Kanada na Australia: kaeni na wazee wenu kabla hawajaondoka. Msiwaulize nani alikufa; swali hilo linawafunga mdomo. Waulizeni waanze mtoni, wafuate barabara, na katika kila nyumba wawaambie nani alikuwa anawasha moto, na nani walikuwa wanakula kwenye chungu chake. Andikeni majina kamili, na ya akina mama kwanza. Mkikuta nyumba ambayo hakuna anayeikumbuka, acheni mstari wazi mahali pake, mmpelekee mwingine aujaze.